Meno ya Ukuta

Mtaa mzima ulimwita Timazi, na wapo watoto waliokua mpaka wakaoa bila kujua kwamba ana jina jingine. Timazi ni kamba ya fundi mwashi yenye kipande kizito cha chuma mwishoni. Fundi huining'iniza kando ya ukuta aone kama umesimama sawasawa au unaegemea. Yeye hakuachana nayo hata Jumapili. Aliiweka kwenye mfuko wa koti la kanisani, na mahubiri yakirefuka ungeuona mkono uko mfukoni, anaipapasa taratibu. Hakuwa na mdomo. Ukimwamkia aliitika, usipomwamkia mlipishana kwa amani, na ukimsifu kwa kazi yake alitazama chini kama mtu aliyefumaniwa.

Mkewe walimwita Kengele. Aliyewahi kumsikia hakuhitaji kuelezwa kwa nini. Aliimba sauti ya kwanza kwenye kwaya, na hata mvua ilipopiga bati la kanisa mpaka mwinjilisti akaamua kuketi angojee ipite, Kengele alisikika barabarani. Mwalimu wa kwaya alimwomba mara nyingi apunguze. "Nitapunguza, mwalimu," alisema, na kweli alipunguza, ubeti wa kwanza tu.

Walikutana kwenye ujenzi wa ghala la nafaka, siku zile Timazi akiwa kijana mwembamba mwenye mwiko mpya. Kengele aliwaletea mafundi chai na mkate kwenye beseni. Wengine wakimwona anakuja walishuka mbio kama kuku waliomwagiwa mchele. Timazi alibaki juu, anajifanya ana tofali moja la kumalizia.

"Fundi, shuka," Kengele alimwita kutoka chini. "Ukuta hauna miguu, utaukuta hapo hapo."

"Nakuja."

"Nakuja yako nimeizoea. Chai inapoa."

"Naipenda ikiwa baridi."

Uongo mtupu. Alikuwa anaona haya kunywa mbele yake. Basi alikunywa chai baridi msimu mzima, mpaka ghala lilipofika usawa wa linta, pale juu ya milango na madirisha, na msimamizi akasema wiki ijayo wanahamia kazi nyingine. Siku hiyo Timazi alishuka wa kwanza. Alisimama mbele ya beseni, mwiko mkononi, saruji imemkauka kwenye nyusi.

"Najenga nyumba," alisema.

"Watu wengi wanajenga," Kengele akajibu huku akimimina.

"Ina dirisha la jikoni."

"Linaangalia wapi?"

"Popote utakapopenda."

Mafundi wengine waliosikia walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Kengele hakucheka. Alimpa kikombe, cha moto, na akamtazama mpaka alipokimaliza.

Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo: sebule, chumba cha kulala, na jiko lenye dirisha lililoangalia barabara, kwa kuwa Kengele alipenda kujua nani anapita. Timazi aliijenga kwa matofali ya kuchoma, jioni baada ya kazi na siku za Jumamosi. Walipohamia, Kengele alizunguka nje akiishika kuta kwa kiganja. Alipofika upande wa mashariki alisimama.

"Fundi, huku ulichoka?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kwenye kona zote mbili za upande ule, kutoka msingi mpaka juu, matofali hayakuishia sawa. Moja lilitokeza nusu, la chini yake lilirudi ndani, lililofuata likatokeza tena, hivyo hivyo mpaka chini.

"Hayo ni meno," Timazi alisema. "Siku tukiongeza chumba, tofali jipya linaingia hapa kwenye pengo. Linauma la zamani, la zamani linauma jipya. Ukuta unakuwa mmoja. Usipoacha meno, chumba kipya kinasimama peke yake, kinaachana na nyumba."

"Chumba cha nani?"

Timazi akaangalia chini. Kengele akaelewa, na sauti yake ilisikika mpaka kwa majirani. "Jamani! Nyumba yetu inacheka!"

Ndivyo ilivyokuwa siku hizo. Aliyeyaacha meno alikuwa Timazi. Jambo hili watu wa mtaani walilisahau baadaye, kwa sababu Kengele ndiye aliyekuja kujulikana kwa kuyalinda.

Mtoto hakuja mwaka ule wala uliofuata. Walikwenda hospitali, wakaambiwa hakuna tatizo, wakarudi nyumbani na hiyo "hakuna tatizo" yao. Waliomba. Kanisani waliombewa. Halafu mimba ikaja. Timazi, ambaye hakuwa mtu wa kuruka, siku hiyo aliruka mtaro wa maji bila sababu. Kinyozi, jirani yao ambaye kibanda chake kilitazamana na nyumba, alimwona na akaisimulia habari hiyo kwa miaka. Jumamosi iliyofuata Timazi alivuta kamba upande wa mashariki na kuanza kuchimba msingi wa chumba.

Mimba ilikaa kidogo, ikatoka. Kengele alipokuwa bado amelazwa, Timazi alirudi nyumbani, akachukua koleo na kuufukia msingi, ili mkewe asiukute wazi. Kengele aliporudi aliuona udongo mbichi. Baada ya siku chache alipanda mboga pale, zikastawi, wakazila.

Tangu hapo wale wawili walishika njia tofauti ndani ya nyumba moja, bila ugomvi. Kengele aliendelea kungoja. Kila mvua zilipokwisha alichukua ufagio mdogo na ndoo ya maji, akasugua meno yote, akatoa ukungu, utando wa buibui na vichuguu vya udongo ambavyo nyigu walijenga kwenye mapengo.

"Kengele anaipigia nyumba mswaki!" Kinyozi alipaza sauti kutoka kibandani.

"Wewe kanyoe watu!" Kengele akajibu. "Na huyo uliyemkalisha hapo umemwachia kisogo kama ramani!"

Timazi hakuacha kuamini. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu watu humdhania vibaya mtu mkimya. Aliamini kwamba Mungu yupo, anasikia, anaweza. Alisali asubuhi na jioni. Ila sala zake zilianza kuwa za shukrani tupu: kwa siku, kwa chakula, kwa afya. Kuomba kitu aliacha, kama mtu anayeacha kupita njia fulani kwa kuwa siku moja aliumwa na mbwa pale.

Miaka ikapita, na umri wa kuzaa ukapita nayo. Asubuhi moja Kengele alipokuwa anasugua, Timazi alisimama karibu naye akiwa na begi la kazi begani.

"Kengele, sasa meno ya nini tena?"

"Ya chumba."

"Mtoto hatupati. Tumezeeka."

Kengele akaendelea kusugua. "Wewe umezeeka. Nani kakwambia ni ya mtoto tu? Mimi nilimwomba Mungu mtoto. Hakunipa. Nimelia, unajua nilivyolia, mtaa mzima unajua. Lakini sikumwambia, basi, tumalizane. Bado namngoja."

"Unamngoja alete nini?"

"Ningekuwa najua ningekuwa nimeshamwambia asijisumbue, nitakwenda kuchukua mwenyewe." Akamrushia matone ya maji kwa vidole. "Nenda kazini, fundi. Unanizibia mwanga."

Timazi alikwenda, akitabasamu kidogo. Hicho ndicho alichokikumbuka zaidi baada ya Kengele kufariki: sauti yake asubuhi, na yale matone yaliyomkauka shavuni kabla hajafika mwisho wa barabara. Kengele alifariki kipindi cha baridi, kwa homa ya mapafu, na ugonjwa wenyewe haukukawia. Kwaya iliimba kwenye mazishi, na kila mtu alilisikia pengo kwenye sauti ya kwanza. Mwalimu wa kwaya, yule aliyekuwa akimwomba apunguze, alishindwa kuongoza ubeti wa pili.

Timazi aliendelea na maisha kama saa iliyotiwa ufunguo. Kanisani alikaa kwenye benchi lake. Alisema amina mahali pake. Kazi kubwa aliziacha, akabaki na za kuziba nyufa, kutengeneza ngazi, kurekebisha vyoo. Alichagua zinazoanza na kuisha siku moja. Joho la kwaya la mkewe lilibaki kwenye msumari wake, ukutani juu ya kitanda. Meno hakuyasugua. Nyigu walirudi.

Siku moja alikuwa akitengeneza ngazi ya kanisa iliyokuwa imemeguka. Mwinjilisti, mtu mnene mwenye huruma ambaye zamani alikuwa fundi wa magari, alimletea chai akaketi karibu naye.

"Mwinjilisti, nina swali," Timazi alisema.

Mwinjilisti alikaribia kuangusha kikombe. Katika miaka yote alikuwa hajawahi kuulizwa kitu na mtu huyu. "Uliza, mzee wangu."

"Mtu anaweza kuamini, halafu asitarajie kitu?"

"Kitu kama nini?"

"Kitu chochote."

"Mungu unamwamini?"

"Namwamini."

"Anasikia?"

"Anasikia."

"Anaweza?"

"Anaweza."

"Sasa?"

"Sasa basi. Mimi naishia hapo." Timazi akalainisha saruji kwa mwiko. "Sina hasira naye. Sina ninachomdai. Nakwenda kwake, narudi. Lakini simngoji. Nataka kujua kama hiyo nayo ni imani."

Mwinjilisti alikuna kichwa. Maneno alikuwa nayo, kazi yake ni maneno, lakini alimtazama yule mzee akaona yatakuwa mepesi mno. "Nipe muda," alisema. "Hili sitaki kulijibu nikiwa na chai mdomoni."

"Hakuna haraka," Timazi akasema. Kisha, kama anayezungumzia hali ya hewa, akaongeza, "Nataka kuyakata yale meno. Nizibe, nipige lipu, nyumba iishe."

Hakuna aliyempinga. Hata shemeji yake hakumpinga. Huyu alikuwa mdogo wake Kengele, mshonaji wa nguo kutoka mji mwingine. Sauti alikuwa nayo ya kawaida, ila ulimi alipewa ule ule wa dada yake. Alikuja kukaa siku chache mwaka wa msiba ulipotimia, ili wakatengeneze kaburi. Walipolimaliza, ikabaki siku moja kabla hajasafiri.

"Kesho basi lako saa ngapi?" Timazi aliuliza asubuhi.

"Asubuhi. Umeshanichoka, shemeji?"

"Nataka leo nikate meno ya ukuta. Uone nyumba ikiisha, kabla hujaondoka."

Shemeji aliacha kufagia. Alielewa kwamba anaombwa kushuhudia, kama alivyoshuhudia lile kaburi. "Ni nyumba yako," alisema taratibu. "Dada angekunyima chakula wiki nzima. Lakini dada hayupo, na mimi nakupikia. Kata."

Fundi mwenye akili hakati tofali la kuchoma kwa nyundo. Analikata kwa msumeno, taratibu, likiwa limeloweshwa, ili lisitikise wenzake. Timazi alilijua hilo kuliko mtu yeyote mtaani. Kijana aliyefanya kazi chini yake angelisahau, angefukuzwa siku hiyo hiyo. Lakini kazi ya msumeno ingechukua siku kadhaa, naye alitaka iishe leo. Akachukua tindo na nyundo nzito, akapanda ngazi, akaanza na jino la juu.

Jino la kwanza lilikatika. La pili lilisumbua, likakatika. La tatu lilikataa. Saruji ile aliichanganya mwenyewe akiwa kijana mwenye mapenzi, bila kuibania, na sasa ilimkatalia mzee. Alipiga, tindo likaruka. Akapiga tena.

"Wewe!" aliliambia tofali. "Wewe unangoja nini?"

Akalipiga kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na nyingine ambazo hakujua anazo.

"Shemeji!" Sauti ilitoka ndani. "Shemeji, acha! Acha! Ukuta unapasuka!"

Aliteremka akaingia chumbani. Ufa ulianzia kwenye kona karibu na dari, ukashuka kwa mshazari juu ya kitanda, umejigawa kama mzizi, ukafika kwenye msumari wa joho. Vumbi jekundu lilikuwa limetua juu ya shuka na juu ya joho. Shemeji alisimama mlangoni, ufagio mkononi, kama anayetaka kuuchapa ule ufa.

Timazi alitia kidole kwenye ufa. Akatoa timazi mfukoni, akaining'iniza. Ukuta ulikuwa bado wima. Kona ndiyo iliyolegea.

"Mimi sielewi," alisema shemeji. "Umepiga nje. Mbona kumepasuka ndani?"

"Ni tofali lile lile," Timazi akasema. "Nusu iko nje, nusu iko ndani."

Alijisikia akisema hivyo, akaketi ukingoni mwa kitanda. Mwaka mzima alikuwa amejiambia kwamba nusu iliyotokeza nje ndiyo anayoikata, ile ya kungoja, na ya ndani, ya kuamini, itabaki salama kama ilivyo. Alijenga kuta maisha yake yote. Alijua tofali halina mahali pa kuachania. Bado alipiga.

"Si ulijua?" shemeji aliuliza.

"Nilijua."

"Ukapiga."

"Nikapiga."

"Dada alikuwa akisema ana mke mwenzake wa matofali. Kumbe na huyu naye umemchoka." Alitaka kumchekesha, lakini Timazi alikuwa ameinuka, anapangusa joho kwa mkono. Vumbi lilikuwa linazidi kuingia kwenye kitambaa kadiri alivyopangusa. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kama ambavyo hakulia kwenye mazishi. Shemeji aliweka ufagio chini, akamwondolea joho mikononi, akatoka nalo nje kulikung'uta, akakaa huko muda mrefu kuliko joho lilivyohitaji.

Wakati wa chakula cha mchana shemeji akauliza kona itatengenezwaje.

"Njia ziko mbili," Timazi alisema. "Nibomoe kona yote, niijenge upya bila meno. Au niendeleze, ukuta mpya uje uishike."

"Ipi nyepesi?"

"Kubomoa."

Asubuhi shemeji alipoamka kujiandaa na safari alimkuta Timazi nje, amevuta kamba kutoka kona moja, anapima upande wa mashariki kwa hatua. Akamtazama, akarudi ndani, akalitoa begi lake mlangoni na kulirudisha chini ya meza.

"Na basi lako?" Timazi aliuliza bila kugeuka.

"Jingine litakuwepo. Nani atakupikia, matofali?"

Udongo ulichimbika kwa urahisi, kwa kuwa ulishachimbwa zamani. Mizizi mikavu ya mboga za Kengele ilitoka na koleo, na Timazi aliiweka kando, hakuitupa. Alipofika kina kile alichofikia ujanani alisimama akapumua, kisha akaendelea chini kidogo, kwa sababu siku hizo alikuwa na papara, na msingi ule haukuwa na kina cha kutosha.

Kinyozi alivuka barabara, mkasi nyuma ya sikio kama penseli.

"Timazi! Unaoa?"

"Hapana."

"Unapangisha?"

"Hapana."

"Sasa chumba cha nani?"

Timazi alilisimamisha koleo, akatazama shimo. Kinyozi, ambaye alizoea kumtania akiwa na uhakika hatajibiwa, safari hii aliona kwamba mwenzake anatafuta jibu kweli na halipati. Akavua shati la kazi, akalitundika kwenye mti wa ua. "Basi nipe koleo. Wateja wangu nywele hazikimbii."

Siku ya tatu ya kazi, kuta zikiwa zimefika magotini, akaja mwinjilisti. Alikuwa ametembea haraka na jasho linamtoka.

"Mzee wangu, lile swali lako. Nimekesha nalo. Nimekuja na jibu."

"Liweke hapo kivulini," Timazi alisema. "Nisogezee tofali."

Mwinjilisti alitazama ule ufa, ambao sasa ulionekana mpaka nje. Akatazama meno, namna tofali jipya lilivyoingia kwenye pengo la zamani na kubanwa. Alikunja mikono ya shati. Jibu lenyewe hakulitoa siku hiyo wala nyingine, na Timazi hakulidai. Shemeji ndiye aliyemwuliza kwa utani wakati wa chai, lilikuwa linasemaje. "Lilikuwa refu," mwinjilisti alisema, akachukua mkate.

Swali la Kinyozi lilimkaa Timazi kichwani kila safu aliyoweka. Mtu hujenga kwa kipimo cha atakayekaa. Jiko la mama mfupi huliweki juu. Ngazi ya mzee huifanyi ndefu. Sasa dirisha aliweke wapi? La mtoto liwe chini. La mtu mzima liwe juu. Alikaa nusu siku na swali hilo, wenzake wakimngoja na saruji inakauka. Mwisho alimwambia shemeji aketi kwenye kiti, kisha alale juu ya mbao kana kwamba anaumwa, kisha achuchumae awe kama mtoto. Shemeji alifanya yote hayo huku akilalamika kwamba wanaopita watadhani amerukwa na akili. Kila mara Timazi alichungulia usawa wa macho yake na kupiga alama ya chaki. Dirisha alilianzisha chini ya alama zote, likapanda mpaka juu ya zote. Likawa refu, la ajabu kidogo, ila yeyote atakayekaa mle angeona barabara na nani anapita.

Alipofika kwenye meno yale mawili aliyoyakata juu, aliyatoa mabaki moja moja, akatia matofali mazima. Ufa aliufungua, akautia saruji, akaulainisha. Kona ilishika. Alama ilibaki, nyembamba, chini ya rangi. Angeweza kuizidishia rangi akaimaliza, lakini hakufanya hivyo.

Shemeji alisafiri bati lilipokwisha kupigwa. Kwenye kituo cha mabasi alimwambia, "Nikija tena nisikute umeweka magunia chumbani humo."

"Hutakuta magunia."

"Nitakuta nani?"

"Wewe nenda," Timazi alisema, na uso wake ulikuwa na mwanga ambao shemeji hakuwa ameuona tangu dada yake alipokuwa hai.

Kanisani kwao, kabla ya sala ya mwisho, mwinjilisti huwaambia wenye haja zao wasimame, kila mmoja aseme anachotaka aombewe. Husimama wagonjwa, wenye watoto wanaofanya mitihani, wasafiri. Miaka yote Kengele ndiye aliyesimama kwa ajili ya nyumba yao, naye hakuhitaji kurudia kwa walio nyuma. Jumapili ile, wengine walipomaliza na mwinjilisti akawa anafumba macho, benchi moja la upande wa wanaume lililia, na watu wakageuka.

Timazi alikuwa amesimama. Mikono ilikuwa imeshika benchi la mbele.

"Mzee wetu?" mwinjilisti alisema.

"Nimejenga chumba."

"Tunamshukuru Mungu," watu waliitikia, wakidhani ni ushuhuda.

"Sijamaliza."

"Bado lipu," Kinyozi alinong'ona, na mabenchi mawili yakacheka.

"Lipu tayari," Timazi alisema, masikio yakimwaka. "Mtu ndiye bado. Sijui ni nani. Naomba mniombee aje."

Kicheko kilikatika. Mwanamke mmoja wa kwaya aliinamisha uso. Mwinjilisti alikohoa, akauliza kwa upole, "Tumwombe Mungu mtu wa namna gani, mzee?"

Timazi alifikiri. Alikuwa hajaomba kitu kwa muda mrefu, na maneno yalitoka kama maji ya bomba lililofungwa, kwanza kutu, kisha kidogo kidogo.

"Yeyote atakayemleta," alisema. "Mimi nitakuwepo nyumbani."

Sala ikaanza. Watu wote waliketi na kuinamisha vichwa isipokuwa yeye, kwa kuwa hakuwahi kusimama kabla ya siku hiyo, na hakujua aliyeomba huketi wakati gani.